Isale Moja Halitoshi

Wanaosema kisasi tumwachie Mungu hawajawahi kuitwa ofisini kuambiwa mtoto wao anaharibu wastani wa shule.

Mimi niliitwa. Ilikuwa shule ya binafsi, Inglishi Midiamu, upande wa Themi, yenye basi la njano lililokuwa likimfuata binti yangu mpaka Maji ya Chai kabla umande haujakauka. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la sita. Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye shule, alinikaribisha soda, akaniuliza habari za migomba, kisha kwa sauti ya mtu anayeombea chakula akanieleza kwamba binti hakufikisha wastani. Ama akariri darasa, ama nimtafutie shule "inayomfaa". Binti alikuwa amekaa pembeni yangu, anasikia kila neno. Nje, kwenye benchi, wenzake wawili walisubiri zamu na mama zao. Soda ile sikuinywa.

Huku kwetu mlimani, Jumapili baada ya ibada, wakati ndizi na kuku wa sadaka wanapigwa mnada, wanaume hawaishi kubishana: shule za serikali zimeoza, afadhali zikabidhiwe watu binafsi, maana ndio wanaofaulisha. Siku hizi mimi huwakatiza. Mume wangu ni Mmeru, tunalima kahawa, na kuchambua nakujua. Kahawa mbivu ukiimwaga majini, mbovu zinaelea, unaziondoa. Sasa mtu akija kanisani na zile zilizozama tu, ajisifu kwamba ni mkulima kuliko sisi wote, si mtamcheka? Basi mchekeni na huyo anayechambua watoto. Wananiambia nina uchungu. Ndiyo, ninao.

Nilimpeleka binti shule ya serikali iliyo karibu na nyumbani. Walikaa wanne dawati moja, na mvua ikinyesha hawamsikii mwalimu kwa kelele za bati. Shida yake ya kwanza ilikuwa lugha, kwa sababu hesabu alizijua kwa Kiingereza. Akisikia "kipeuo cha pili" anatoa macho. Mwalimu wake wa darasa la saba, mama mmoja mkali asiyejua kucheka, alimwandikia maneno yote nyuma ya kalenda kuukuu, tukaibandika jikoni, nikawa namuuliza huku nakoroga uji. Moyoni nilikuwa nasema: utafaulu, na yule mtu atakukumbuka. Sijutii kusema hivyo.

Alifaulu. Akachaguliwa shule ya bweni ya serikali, zile za watoto wenye vipaji. Furaha yenyewe haikumaliza wiki. Nilipita Themi nikaona bango limetundikwa ukutani pa ile shule: "Matunda Yetu". Katikati yake ulikuwa uso wa binti yangu, amevaa sweta lao, picha ya darasa la tano.

Siku ya kuandikisha wanafunzi wapya nilimvalisha binti sare yake ya shule ya serikali, sketi ya bluu na shati jeupe, tukaenda kusimama chini ya bango. Sikupiga kelele. Kila gari lililopunguza mwendo getini niliinama dirishani nikasema, "Huyu ndiye wa pale juu. Walimfukuza. Muulizeni wenyewe." Wakamuuliza, naye akawajibu, tena kwa Kiingereza wanachokilipia. Magari kadhaa yakageuza. Sijawahi kufurahia foleni kama ile.

Kesho yake mchana mkurugenzi alipandisha gari mpaka kwangu, mkononi ana jani la isale. Yeye ni wa Kilimanjaro kama mimi, na alijua anachofanya. Kwetu Uchagani aliyekosa akikuletea isale huna budi kumsamehe, hata kama alikumwagia damu. Ukikataa, balaa linakurudia wewe.

"Dada yangu, pokea," alisema, amelishika kwa mikono miwili. "Bango nimeshalishusha. Yaishe."

Mikono yangu nikaificha nyuma. "Mimi hujanikosea, mkurugenzi. Uliyemkosea yuko ndani anapanga tranka lake."

Alicheka kidogo, akidhani namtania. Mtu mzima, tena mwenye cheo, ampelekee mtoto isale? Nikamwita binti. Akatoka, akapiga goti.

"Shikamoo, mkurugenzi."

"Marahaba, mwanangu." Akageuka kutazama gari lake, kisha akamnyooshea lile jani.

Binti akalipokea. Niliona kisasi changu kinaniponyoka hivihivi kwa sababu ya adabu niliyomfundisha mwenyewe. Akaligeuzageuza, akauliza kwa upole, kama anavyouliza darasani:

"Ahsante. Wenzangu umeshawapelekea?"

"Wenzako gani?" mkurugenzi akauliza.

Hakuwakumbuka wale wawili wa kwenye benchi. Mmoja wao aligoma kurudi shule yoyote baada ya siku ile. Siku hizi anauza ndizi kwenye madirisha ya mabasi hapo Maji ya Chai. Huyu bwana hupita pale kila anapokwenda kwao Moshi, na labda ndizi zake ameshazila.

Nikachukua panga. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa gari. Nilimpita nikaenda mpakani mwa shamba, ambako masale yetu yameota, nikakata mzigo mzima na kuutupa kwenye kiti chake cha mbele.

"Haya, nenda," nikamwambia. "Moja kwa kila mtoto uliyemchuja. Ukiwamaliza, njoo tuzungumze."

Binti ameshakwenda bweni. Juzi nilishuka Maji ya Chai, nikamtafuta yule mwenzake katikati ya mabasi, nikamuuliza kama kuna mtu aliyemletea jani.

"Jani gani, mama?"

Nikanunua ndizi zake. Nikamuuliza kama lile sweta la shule bado analo. Alisema lipo, ila limembana. Nikamwambia alitunze hivyohivyo, mwakani siku ya kuandikisha tutasimama wote getini.