Maji ya Ukoko ya Hamadi

Niliondoka Ambanoro asubuhi moja bila kujua niendako. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, na kazi tatu baada yake. Nilipofika Andoany, mji mkuu wa kisiwa chetu, kwenye lango la hospitali, muuguzi mkuu alikuwa ameshika machela upande mmoja, akitafuta wa kushika upande wa pili.

"Una mikono?"

"Ninayo, mama."

"Inatosha. Shika."

Hivyo nikawa mhudumu wa wodi, miaka ile ya mwanzo ya uhuru: kuosha, kulisha, kuwageuza wasioweza kujigeuza.

Nilipangwa kufanya kazi pamoja na Hamadi, mzee mwenye asili ya Ngazidja. Mwaka uliotangulia alizika mke na mwana, na kimbunga kikamchukulia nyumba. Hata hivyo wagonjwa walimwita yeye, si mimi. Ndugu waliolala hospitalini kuuguza watu wao walipika wali uani, kisha wakachemsha maji juu ya ukoko ulioganda sufuriani. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha Hamadi. Mimi sikupewa hata cha mwisho.

"Unakitazama kama paka aliyeona samaki," alinitania. "Kaa nao kwanza, kijana. Wewe unauliza kama polisi."

Kweli niliuliza sana. Daktari alipopokea wenye sonona, yaani huzuni inayomnyima mtu usingizi, chakula na hamu ya kuishi, aliwauliza: una miaka mingapi, na mwaka huu umepatwa na nini? Nikawa nasikiliza majibu. Kijana ameachwa na mchumba, hali wala halali. Bibi amefiwa, lakini anasuka mkeka. Nikajitungia kanuni: umri ni ngao, mzee haangushwi na pigo.

Kwa kanuni hiyo nikaenda kwa muuguzi mkuu kumshtaki Hamadi, nikiamini pigo halitamwangusha. Wahudumu tulikatazwa kula au kunywa vya wagonjwa.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Kila siku, mama."

Hamadi akastaafishwa kabla ya wakati wake. Alinikabidhi aproni yake. Nikakaa mahali pake uani. Vikombe vikapita, hakuna kilichonifikia.

Haikupita miezi miwili akaletwa kwa machela, uso kaugeuzia ukuta.

"Huyu kapatwa na nini?" daktari aliuliza.

"Na mimi," nikasema, nikamweleza yote, pamoja na kanuni yangu.

Hakunigombeza. "Wazee wako wale wana watu nyumbani. Huyu alibakiwa na wodi."

Alipopata nafuu kidogo, mpwa wake alimchukua kwenda kuishi naye Mahajanga, ng'ambo ya bahari. Nami nikaomba uhamisho wa huko huko.

Leo nimestaafu, na vijana wa wodini huniuliza ni msiba upi huangusha watu, na katika umri gani. Sina kanuni tena. Nawasimulia siku niliyoshuka Mahajanga na sanduku langu, sina pa kulala, nikaulizia mpaka nyumba ya yule mpwa. Hamadi alikuwa barazani, amekonda.

"Chumba kipo," alisema mpwa, "ila mjomba hapendi wageni."

Hamadi akaliangalia sanduku langu. "Polisi. Bado unauliza maswali?"

"Nimeacha, baba."

"Basi leo nauliza mimi. Wodi ikoje?"

Nikaanza na kitanda cha mlangoni. Mpwa akaleta kikombe kimoja cha maji ya ukoko. Hamadi akakinywa taratibu, macho kwangu, nami nikakionea wivu mpaka tone la mwisho.

"Endelea," akasema. "Kitanda cha pili." Kisha akamgeukia mpwa wake: "Mtandikie."