Kitabu cha Meja na Moshi wa Udi

Aibu nimeipata, sikatai, na majirani wa Harrow walioniona barabarani nimeshika chetezo cha udi kinafuka hawana haja ya kunikumbusha.

Namtunza Meja, mzee wa Kiingereza aliyekuwa ofisa wa kikosi cha wapanda farasi, miguu yake haifanyi kazi tena, na mshahara wa kazi hiyo ndio unaowasomesha wadogo zangu wawili (wazazi wetu walipofariki niliacha skuli kidato cha pili ili wao wasiache). Meja ana kitabu cha sheria za kikosi chao, kimeandikwa kwa mkono, na ukurasa wa kwanza una majina ya maofisa wote waliokimiliki, mmoja akimrithisha mwengine. Siku hiyo walikuja maofisa wastaafu watatu ili Meja achague mrithi wa kitabu miongoni mwao. Nikakinusa kitabu, uvundo mtupu! Kwetu Pemba kitu cha heshima hakitolewi mbele ya wageni kinanuka, basi wao wakinywa chai sebuleni, mimi jikoni nikawasha udi, nikafunika chetezo kwa tenga, juu yake kitabu, juu ya kitabu kanga.

Hazikupita dakika mbili king'ora cha moshi kikalia, na kile cha nyumba za wazee huita zimamoto chenyewe. Maofisa wakatoka mbio na vikombe vyao. Mimi mkono mmoja nikanyakua chetezo chenye makaa kisije kuunguza nyumba, wa pili nikamsukuma Meja kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka nje.

“Kitabu kiko wapi?” akafoka Kapteni, mmoja wa wale maofisa watatu, mwenye masharubu.

“Jikoni, kinanukia.”

“Umekiacha?”

“Kitabu hakina pumzi, Kapteni. Na sheria yenu wenyewe, Meja kanisomea, inasema zizi likiwaka moto atolewe farasi kwanza. Nyinyi mmetoa nini? Chai!”

Majirani wakaangua kicheko, na mzimamoto akatokea mlangoni amebeba tenga, kitabu na kanga yangu, akatangaza kwa sauti, “Hakuna moto, ni manukato tu!” Nilitamani ardhi inimeze.

Msimamizi wangu, Bi Wanjiru wa Nakuru, alifika anahema. “Wewe dada, unachoma udi kwa nyumba ya mteja? Omba hawa wazee msamaha kwa kila kitu, ama kesho usikuje kazi.”

Nikaomba msamaha kwa moshi, kwa king'ora, kwa kuwasumbua zimamoto. Kwa kukiacha kitabu nikakataa. Niliwawaza wadogo zangu na masomo yao, lakini nikakataa.

Meja akamgeukia Bi Wanjiru. “Huyo utakayeniletea badala yake, moto ukiwaka atanitoa mimi au kitabu?”

Bi Wanjiru akafunga faili lake.

Tangu siku ile nafukizia bustanini, na nimeapa sitawasha udi tena ndani ya nyumba yenye king'ora. Ama kitabu, hata wakija maofisa mia, king'ora kikilia nitakiacha tena.