Maksai Niliyempa Mgongo

Mwezi uliopita nilisafiri kutoka Geita hadi kwetu Mhunze kufuata daftari. Ndiyo, ndugu yangu, daftari moja la hesabu la darasa la tano. Nilikuwa nimeanza kujifunza kutengeneza katuni kwenye simu, jioni nikishafunga kibanda ninakotoa kopi, na mtu wangu wa kwanza, mama aliyebeba ndoo, alikuwa anaelea. Miguu inakwenda, mwenyewe hatembei. Nikakumbuka kwamba kosa hilo nilishawahi kulifanya, na kwamba aliyenisahihisha hakuwahi kushika penseli maishani mwake.

Daftari lilikuwa kwenye sanduku la bibi, chini ya kanga zake, bado linanuka moshi.

Mwaka ule wa darasa la tano tulilima pamba na mtama. Asubuhi tulikula matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikaanikwa, pamoja na karanga. Halafu bibi alishika plau, mimi nikashika kamba mbele ya maksai wawili. Wa kulia alikuwa mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Kazi ya kuongoza ilinifaa, maana sikuwa mtoto wa maneno. Mbele hapakuwa na wa kuongea naye. Nyuma yangu kulikuwa na pumzi ya moto ya yule mwekundu begani, harufu ya majani aliyotafuna, na kengele ya shingoni mwake.

Kisha baba mdogo akachumbia. Wakwe walikuja kutoka Runzewe kukagua ng'ombe wa mahari, kama ilivyo kwetu. Walizunguka zizi, wakabishana, wakanyoosha fimbo. Fimbo moja ikasimama kwa yule mwekundu. Wangemchukua tukimaliza kulima. Watu wazima walishikana mikono wakicheka, mimi nikaenda nyuma ya ghala nikakaa peke yangu. Sikumwambia mtu, lakini niliamua kwamba hataondoka kabla sijambakisha.

Namna ya kumbakisha niliijua. Shuleni tulichora pembeni mwa daftari, kila ukurasa picha moja, halafu unaziachia kurasa haraka kwa kidole gumba na picha inacheza. Wenzangu walichora mipira. Mimi nilichora maksai, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mwalimu akaliona daftari. Aliziachia kurasa mbele ya wote.

"Huyu ng'ombe amekanyaga sabuni," alisema.

Darasa zima lilicheka, nami nikatamani kuingia chini ya dawati. Alipokuwa ananirudishia, aliinama akasema kwa sauti ya chini, "Umesogeza kila mguu sawasawa. Kabla hujachora mguu unaoinuka, jiulize ni upi umebeba uzito."

Nilitembea na lile swali hadi nyumbani. Nikampelekea bibi daftari jikoni. Alifuta mikono, akatazama mara tatu.

"Si yeye," alisema. Aliniita mayu, yaani mama, kama alivyozoea. "Mayu, wewe unampa mgongo kila siku. Unamjua kwa masikio tu. Anayemwona akitembea ni mimi."

Kesho yake alimwomba jirani aongoze, mimi nikatembea nyuma pamoja naye, kando ya plau. Jirani alinung'unika kwamba hajui kama mtoto huyu anafundishwa kulima au kutazama. Bibi akamwambia, baba, wewe vuta kamba, ya huku nyuma tuachie.

Udongo wetu mweusi ukilowa ni mzito. Kabla ya kuvuta, mwekundu alirudi nyuma kidogo na kuinamisha kichwa, kama anayejikusanya, ndipo akaisukuma nira. Bega la upande uliobeba lilipanda, la pili likalegea. Na masikio yalichelewa: mwili ukishasimama, yenyewe bado yanakwenda. Hapo nilielewa kwa nini miaka yote kengele ilikuwa ikilia baada ya hatua, si pamoja nayo.

Nilifuta, nikachora upya. Ufutio ulitoboa karatasi, nikahamia upande wa pili wa daftari. Pale anapojivuta niliweka picha nyingi zilizobanana, pale kwato inapoanguka nikaweka mbili tu. Nilikwenda polepole, maana mimi hata kuandika ni mtu wa polepole, huku shamba likipungua kila siku.

Vijana wa wakwe walifika asubuhi. Kabla kamba haijafunguliwa nilimkimbilia bibi na daftari. Maksai wa karatasi alirudi nyuma, akainama, akavuta. Macho yakiwa bado kwenye daftari, bibi alipiga mluzi, ule mfupi wa kugeuza ng'ombe mwisho wa shamba. Zizini, yule mwenyewe akageuka.

Sasa bibi hayupo. Shamba linalimwa kwa trekta la kukodi, na palipokuwa na zizi pameota mahindi. Yule mama wa ndoo nimemfuta. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda nasimama karibu na bomba la maji, natazama kina mama wakiondoka na ndoo kichwani, najiuliza mguu upi umebeba. Nitamchora hata mara mia, mpaka awe na uzito.

Siku ile Mhunze, niliziachia kurasa nikiwa nimesimama katikati ya yale mahindi. Mluzi ulinitoka wenyewe. Hakuna aliyegeuka. Kwenye karatasi alirudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa, akavuta.