Mama wa Kapu

Nilimdanganya mama yangu kwa uvivu tu. Nilikuwa likizo kwake Ikuti, mvua imetufungia ndani, mimi nasahihisha mitihani ya historia, yeye anamenya ndizi. Akafungua kitabu changu cha kufundishia, akakuta picha ya mji wa Kilwa ya kale: majumba meupe, soko, mwanamke amejitwika kapu. Mchoraji alikuwa ameubuni kutokana na magofu. Mama akauliza kama picha hiyo imepigwa kwa kamera. Kueleza kungenichelewesha, nikamwambia ndiyo.

Basi akawa anaiangalia kila siku. Yule mwanamke, alisema, anasimama kama marehemu dada yake. Akawaita hata akina mama wenzake wa kanisani waje kumwona. Nikanyamaza, maana ukweli sasa ungemwaibisha mbele yao.

Ijumaa akafunua ukurasa uliofuata. Hapo ndipo palikuwa na picha ya kamera kweli, iliyopigwa na watafiti wa mambo ya kale pale pale Kilwa: kuta zilizovunjika, mashimo, kamba za kupimia. Aliitazama muda mrefu, kisu mkononi.

"Mwanangu, waliwabomolea?"

"Ni zamani sana, mama."

"Na yule mama wa kapu, alipata pa kwenda?"

Nikasema alipata.

Jumapili, wakati wa maombi, mama alisimama akamwombea yule mama wa kapu na watoto wake. Kanisa zima likaitikia amina, na mimi, mwalimu wa historia, nikaitikia pamoja nao.