Karatasi ya Njano ya Ulrike Pohlers

Kuna mwanamke aliingia darasani kwangu akiwa na uongo wangu ndani ya mfuko wa plastiki.

Sitanii. Ulikuwa uongo wa karatasi moja, umepigwa chapa, una mhuri juu. Nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe miaka kumi na tisa kabla, naye alikuwa ameutunza kama cheti cha kuzaliwa.

Nimekaa na jambo hili kifuani muda mrefu. Leo nalitapika. Mtakaonitukana nitukaneni tu, nastahili.

Naitwa Doreen. Ni wa hapa hapa Saksonia, Ujerumani, mji mdogo, mwendo wa saa moja kwa treni kutoka Leipzig. Kule Leipzig ndiko ilikofunguliwa maabara maarufu ya kwanza ya saikolojia, mwaka 1879, na watu wa kwetu tunaringa nayo kama wengine wanavyoringa na timu ya mpira.

Mwaka 2004 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu na msaidizi wa maabara. Chuo sikitaji. Profesa naye simtaji, maana kosa halikuwa lake.

Kwetu, ukiingia mwaka wa kwanza wa saikolojia, lazima ukae saa thelathini ukifanyiwa majaribio na wakubwa zako. Una kadi yako, kila jaribio unapata saini. Kadi isipojaa, mtihani hufanyi. Kwa hiyo hatukuwahi kukosa watu.

Jaribio letu lilikuwa hivi.

Unajaza maswali mia moja kuhusu tabia yako. Mimi nachukua majibu, naingia chumba cha pili, najifanya napiga hesabu.

Kumbe narusha dadu.

Ikitoka shufwa, nakuletea karatasi ya habari njema: utazungukwa na watu mpaka uzeeni. Ikitoka witiri, nakuletea mbaya: ukishavuka miaka ishirini na mitano, kila unayempenda atakuacha, mmoja baada ya mwingine.

Halafu nakupa fumbo gumu la kupanga vipande, nahesabu dakika. Tulitaka kujua aliyevunjwa moyo anakata tamaa upesi kiasi gani.

Ukatili? Ndiyo. Ila kulikuwa na sheria moja ambayo haikuguswa. Kabla mtu hajatoka mlangoni, unachukua karatasi ya njano na kumsomea kwa sauti, neno kwa neno: matokeo uliyopewa ni ya uongo, yamechaguliwa kwa dadu, hayakuhusu wewe. Unamnyang'anya ile karatasi ya matokeo. Anatia saini kwenye ya njano. Anakutukana kidogo, anakula chokoleti, anaondoka zake.

Walipita watu themanini. Niliwasomea sabini na tisa.

Ilikuwa Ijumaa ya Juni, joto limepanda. Wenzangu walikuwa nje na baiskeli, tunakwenda kuogelea ziwani. Wakawa wanapiga kengele za baiskeli.

"We Doreen! Maji yatakauka!"

Ndani nilikuwa na mshiriki wa arobaini na saba, binti mwembamba aliyevaa shati la mistari. Dadu lilikuwa limempa tatu. Fumbo aliliacha dakika ya nne. Akakaa akitazama mikono yake.

"Nimemaliza?" akauliza.

Kengele zikalia tena.

"Umemaliza," nikasema. Nikamsainia kadi. "Njoo Jumatatu, kuna karatasi moja ndogo ya kusaini."

Akatoka. Karatasi yake ya matokeo akaondoka nayo, na mimi wala sikugundua. Nilikuwa tayari natafuta nguo yangu ya kuogelea.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja.

Namba yake ya simu ilikuwa kwenye orodha. Kupiga tu. Lakini simu ya maabara ilikuwa chumba alimokaa profesa, na angejua nimeruka hatua. Ile nafasi ya usaidizi niliipenda kuliko nilivyompenda binti nisiyemjua.

Jumatano nikachukua kalamu nikamsainia mwenyewe. Ulrike Pohlers. Ile P niliipinda vizuri kabisa.

Ripoti yetu ikatoka: washiriki themanini, wote wameambiwa ukweli.

Ndiyo maana jina lile sikulisahau. Jina la mtu unaweza kulisahau, ila ulilolighushi linabaki mkononi.

Haya. Songa mbele mpaka vuli ya mwaka 2023.

Mimi sasa ni mama mzima, nina ofisi ya ushauri, na kila Jumanne saa kumi na moja jioni nafundisha watu wazima, "Saikolojia kwa Wanaoanza". Wiki kumi na mbili. Wanafunzi kumi na wanne, wengi wastaafu.

Siku ya kwanza tukazunguka kujitambulisha. Akaanza Mzee Siegmar, dereva mstaafu wa treni.

"Nimekuja kujifunza kwa nini mke wangu yuko sahihi siku zote," akasema. Watu wakacheka.

Pembeni yake alikaa mwanamke wa miaka kama arobaini, nywele fupi.

"Naitwa Ulrike Pohlers. Naishi peke yangu na mbwa wangu. Nimekuja kwa sababu zamani nilipimwa na wataalamu, na walichotabiri kimetimia chote. Nataka kuelewa walijuaje."

Akafungua mkoba, akatoa mfuko wa plastiki, akauweka mezani.

Nikaishiwa pozi. Ule mhuri niliutambua kutoka mita tatu.

Yeye alinitazama kawaida tu, kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu. Nikajiambia hanijui. Nilikuwa na nywele ndefu nyekundu enzi zile.

Sasa hapa ndipo mnatakiwa kunichukia. Ningeweza kumsimamisha baada ya kipindi. "Dada Ulrike, tuongee." Maneno matatu. Badala yake nikauchuna. Nikafunga kompyuta, nikatoroka kwa mlango wa nyuma, mwalimu anayekimbia darasa lake mwenyewe.

Nikajidanganya kwamba nitasema wiki ya pili.

Wiki ya pili nikafundisha historia, jinsi wazee wa Leipzig walivyowakalisha watu waliofunzwa, wakawapigia mdundo, kisha wakawataka wajichungulie ndani na kusema wanahisi nini.

Ulrike akanyoosha mkono. "Mwalimu, mtu akijichungulia akakuta uchafu, anausema au anauruka?"

"Inategemea na uaminifu wake," nikajibu.

Aliandika kitu kwenye daftari.

Wiki ya nne ilikuwa zamu ya wale wasiotaka habari za ndani, wanaotazama vitendo tu. Nikasimulia mbwa aliyedondokwa na mate kila akisikia mlio, kwa kuwa amezoea mlio kuja na chakula. Nikiwa katikati ya sentensi, Ulrike akagusa ule mfuko wake, plastiki ikakwaruza, jasho likanitoka mgongoni. Mbwa nilikuwa mimi.

Wiki ya sita tukaingia kwa wale wanaosema tunaongozwa na tamaa tulizozificha hata kwetu wenyewe.

"Kwa hiyo nikisahau siku ya kuzaliwa ya mke wangu ni akili iliyojificha?" akauliza Siegmar.

"Huo ni uzembe uliojitokeza, mzee," Ulrike akamjibu. Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao kicheko cha uongo.

Kwa sababu kila wiki, kwenye kahawa ya mapumziko, alinipa kipande kingine. Kwamba alikuwa na mchumba, Torsten, ambaye yeye Ulrike alimwacha kabla hajaachwa. Kwamba alikuwa na rafiki, Grit, waliyekulia naye nyumba moja ya ghorofa; Grit alimpigia simu kila Jumapili na yeye Ulrike hakupokea, mpaka simu zikakoma. Kwamba masomo aliyakatisha muhula ule ule.

Nilikuwa nasikiliza, natikisa kichwa, namkatia keki. Nikifika nyumbani silali. Mume wangu akiniuliza nina nini, nasema mgongo.

Wiki ya tisa somo lilikuwa mbinu za utafiti. Nikaeleza kwamba kabla hujaanza unaandika unachotabiri kitatokea, ndiyo nadharia tete, na huruhusiwi kuibadilisha matokeo yakikuaibisha. Nikaeleza kurusha dadu ili makundi yawe sawa.

"Na kumdanganya mshiriki?" akauliza Siegmar. "Inaruhusiwa?"

"Wakati mwingine. Alimradi aambiwe ukweli kabla hajatoka mlangoni."

"Na asipoambiwa?" Hiyo ilikuwa sauti ya Ulrike.

Darasa zima lilinitazama.

"Haiwezi kutokea," nikasema. "Kuna karatasi, lazima asaini."

Akatikisa kichwa taratibu, akaandika kwenye daftari.

Nilikwenda chooni nikakaa humo dakika kumi. Nilijiona mtu wa hovyo, na nilikuwa mtu wa hovyo kweli.

Wiki ya kumi na moja ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Baada ya kipindi wote waliondoka, Ulrike akabaki akifunga skafu.

"Mwalimu, nina swali si la darasani. Kuna mwenzangu kazini, Matthias. Mstaarabu sana. Ananialika Krismasi kwa wazazi wake. Nataka kukataa kwa sababu hii." Akaonyesha mfuko. "Ataniacha tu. Wewe ni mtaalamu. Nikatae?"

Nikitikisa kichwa tu, nimeokoka. Nikisema "fuata moyo wako", nimeokoka pia.

Nikamtazama yule mwanamke aliyekuwa tayari kuikimbia Krismasi ya watu kwa ajili ya namba tatu ya dadu langu. Nikakaa juu ya meza.

"Usikatae," nikasema. "Hiyo karatasi ni uongo. Nilikupa mimi. Nilirusha dadu. Nilitakiwa kukuambia siku ile ile, lakini wenzangu walikuwa wananiita ziwani. Kisha nikaghushi saini yako. Na siku ya kwanza ulipoingia hapa nilikujua, nikanyamaza. Ulrike, nisamehe. Hapana, usinisamehe. Ila usikatae."

Nililia. Kwikwi kabisa, mwalimu mzima.

Yeye hakulia. Alitazama saa ya ukutani, akaandika kitu kwenye daftari, akavaa koti.

"Asante, mwalimu," akasema. Akatoka.

Ile wiki sitaki hata kuisimulia. Nilimpigia simu mara kumi, haikupokelewa. Kila king'ora cha gari la wagonjwa nilidhani ni yeye. Hapo nikajua Grit alivyokuwa anajisikia Jumapili zake.

Wiki ya kumi na mbili, kipindi cha mwisho. Akaja. Alikuwa na pete ya ndoa ambayo sikuwahi kuiona kidoleni mwake.

Alisubiri wenzake watoke. Akaweka mezani karatasi ya njano.

"Kaa," akaniambia. "Sheria inasema isomwe kwa sauti, sivyo?"

Akasoma.

"Ndugu mshiriki. Jaribio ulilokuwamo limekwisha. Baadhi ya uliyoambiwa yalikuwa uongo. Mtafiti haitwi tena Pohlers, ni Ulrike Hentschel. Ana mume na watoto wawili. Mbwa hana, ana mzio wa manyoya. Matthias ndiye huyo mume."

Nikaitazama tena ile pete.

"Mtafiti alijua ukweli mwaka 2008," akaendelea, "pale mwenzake wa chuo aliposhangaa: mbona sisi wote tuliambiwa? Akaenda kuomba faili. Akakuta saini ambayo si mwandiko wake. Alikasirika, kisha akazaa, hasira zikakosa muda. Mwaka huu akaona jina la mshiriki kwenye kipeperushi cha madarasa ya jioni."

Akaiweka sawa karatasi mbele yake.

"Yafuatayo hayakuwa uongo. Torsten. Masomo. Miaka minne ya kumkimbia kila mtu. Grit alifariki 2007. Mtafiti hakwenda mazikoni, kwa sababu hakujua. Simu alikuwa hapokei."

"Ulrike..." nikasema.

"Sijamaliza. Lengo halisi la jaribio: kupima itamchukua mshiriki wiki ngapi kusema ukweli, akimwona aliyemdhuru kila Jumanne. Matokeo: wiki kumi na moja."

Akanisogezea karatasi na kalamu. "Saini. Mwandiko wako, safari hii."

Nikasaini. Jina langu likatoka kama la mtoto wa chekechea.

Akabeba mkoba. Ule mfuko wa plastiki akaniachia. Mlangoni akageuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipasuka.

"Geuza nyuma," akasema. "Niliandika nadharia tete yangu kabla ya kipindi cha kwanza. Sikuibadilisha."

Akaenda. Nikaigeuza ile karatasi ya njano.

Tarehe ilikuwa ya Septemba, siku moja kabla darasa halijaanza. Mstari mmoja tu, na chini yake saini yake ya zamani, yenye P iliyopinda tofauti na niliyoighushi:

"Natabiri atasema siku ya kwanza."

Ndugu zangu, matusi ningeyabeba. Kilichonimaliza ni kwamba, baada ya yote yale, yule mwanamke alikuwa bado amenidhania mema.

Una mtu unamdai ukweli? Hapana, nimekosea, ni yeye anayekudai. Mpigie leo, usingoje wiki ya pili. Mimi nilingoja miaka kumi na tisa na wiki kumi na moja, na Grit hawezi tena kupokea simu.