Mwaka Aliokuja Goreti

Mwezi uliopita nilishuka Itigi. Nilikuwa natoka nyumbani kwangu Mandewa, pale Singida mjini, naelekea Tabora kikazi, na basi liliposimama ili watu wale, nilijikuta nimeacha sahani ya wali mezani, nimevuka barabara na kushika njia ya nyumba za reli nilikokulia. Nilikuwa natafuta uwanja wetu wa netiboli. Nilizunguka mara mbili kabla sijakubali kwamba nilikuwa nimesimama katikati yake. Sasa pana fremu za maduka, banda la kuoshea pikipiki na mashine ya kukamua alizeti inayonguruma kutwa. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri mafuta yake akaniuliza, "Dada, unamtafuta nani?" Nikasema simtafuti mtu. Haikuwa kweli.

Kaa nikusimulie.

Baba yangu alikuwa kwenye genge la reli. Kazi ilimpeleka huku na huko, mimi nikabaki na bibi, mama wa baba, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo ukuta wake ulitetemeka kila treni ilipopita. Bibi aliuza asali stesheni. Aliichuja jikoni kwa kitambaa, akaimimina kwenye chupa, na mikono yake ilinukia nta mwaka mzima. Treni ikikaribia, mlio wake ulisikika mbali huko vichakani, na hapo ndipo ungeona wanawake wanavyokimbia na mabeseni kichwani bila kumwaga kitu: kuku wa kuchemsha, mayai, karanga, viazi, asali. Mimi nilibeba chupa nne, mbili kila mkono, nikipita chini ya madirisha naita, "Asali! Asali ya Itigi!" Hakuna kazi niliyoipenda kama ile. Nyumbani ilikuwa ugali wa uwele na mlenda, kuteka maji, kufagia uwanja, na ukimaliza unakwenda kucheza rede.

Unaikumbuka rede? Wawili wanasimama huku na huku wanarushiana mpira wa soksi uliojazwa vitambaa, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Ukipigwa umetoka. Wasichana tulicheza mpaka bibi aite mara tatu, na ile ya tatu alikuwa anaita kwa Kinyaturu, maana yake amekasirika.

Goreti alifika na treni kutoka Kigoma, yeye, mama yake na mdogo wake wa mgongoni. Walitokea Burundi. Walikuwa wamekaa kambini miaka mingi, kisha wakapata ruhusa ya kuishi nje, na mzee mmoja wa kanisa akawatafutia chumba jirani na kwetu. Sisi watoto hayo yote hatukuyajua. Tulijua neno moja tu tulilolisikia kwa wakubwa, tukalifanya ndilo jina lake. Mkimbizi. "Mkimbizi amekuja bombani." "Mkimbizi hajui kusoma." Alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu kuliko sisi sote, lakini shuleni walimweka darasa la tatu pamoja na watoto wadogo kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kidogo na alikisema taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Siku moja nilikuwa namsaidia bibi kutwanga, nikalitaja jina lile. Bibi akasimamisha mchi juu.

"Anaitwa nani?"

"Mkimbizi, bibi."

"Ndilo jina alilopewa na mama yake?"

Nikainama kuokota punje zilizoruka.

"Nenda kamuulize jina. Usirudi hapa bila jina."

Nikaenda. Goreti alikuwa mlangoni anachagua maharage, na ndani mama yake alikuwa anaunga kwa mawese. Kwetu tulipikia alizeti. Harufu ile ya mawese ilikuwa ngeni puani mwangu, nzito, na mpaka leo nikikutana nayo sokoni nasimama. Nikamwamkia mama, "Shikamoo." Akatoka, akanishika mikono yote miwili, akanisalimu salamu ndefu ya kwao, amahoro, amahoro, kama vile mimi ni mtu mzima niliyetoka safari. Nikaona aibu. Nikamuuliza binti jina lake. Akasema, "Goreti." Nikarudi nalo nyumbani kama niliyetumwa chumvi.

Bibi na yule mama wakawa marafiki. Huyu ana Kinyaturu chake, yule ana Kirundi chake, Kiswahili kikiwapungukia wanatumia mikono, na kila walipogundua neno linalofanana walicheka mpaka wanafutana machozi. Shuleni ilikuwa kazi zaidi. Huko Goreti aliendelea kuwa Mkimbizi, na wakati wa mapumziko alikaa peke yake karibu na tenki la maji.

Aliyemwondoa pale alikuwa mwalimu wa michezo. Alikuwa mwanamke wa Iramba, mfupi, mwenye sauti ya kufukuza nyani shambani, na filimbi ilining'inia shingoni mwake hata akiwa anafundisha hesabu. Alimkuta Goreti kwenye tenki, akamtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akasema, "Urefu wote huu unautunza kwa ajili ya nani?" Jioni ile akamleta uwanjani.

Goreti hakuijua netiboli. Alipopewa mpira alikimbia nao, filimbi ikalia, wasichana wakacheka. Mwalimu hakumgombeza, wala hakutugombeza sisi. Alitupa sharti moja tu: kuanzia siku ile, hakuna kutoa pasi bila kutaja jina la unayempa, na hakuna kufunga goli mpaka mpira umepita mikononi mwa wote saba. "Na mimi nina rejista," akasema. "Nataka majina yaliyomo kwenye rejista."

Basi tukaanza. Mwanzoni tuliona ugumu. Msichana mmoja alisema, "Mki..." filimbi ikalia, tukarudi mwanzo. Tukarudi mwanzo mara nyingi jioni ile, jua likatuchoma, vumbi likatujaa kooni, na wote tukataka kwenda nyumbani. Mwishowe watu wakawa wanapaza sauti, "Goreti! Goreti! Shika, Goreti!" Baada ya wiki mbili hivi hakuna aliyelikumbuka lile jina lingine. Yeye naye akajifunza majina yetu, na kupitia majina yetu akajifunza maneno: simama, geuka, nipe, mbele, pole. Nakuambia Kiswahili chake kilikomaa uwanjani kabla hakijakomaa darasani. Jioni tulirudi pamoja, tukapitia kwao tukala muhogo, au kwetu tukapewa asali kwenye kiganja, tukailamba njiani tukienda kucheza rede. Alikuwa rafiki yangu. Nataka ulishike hilo kabla sijaendelea.

Mfungaji wa timu nilikuwa mimi. Pete ya goli letu aliichomelea fundi mwenzake baba kwa chuma chakavu cha reli, na nilijiona kama ile pete ni mali ya ukoo. Lakini Goreti alipojua kulenga, alinipita. Alisimama chini ya goli bila haraka, akainua mikono, mpira ukaingia bila kugusa chuma. Sikuweza kujidanganya. Mwalimu alipobandika majina ya timu itakayocheza na shule iliyokuwa inakuja kutoka mji wa jirani, mfungaji alikuwa Goreti, na mimi nilikuwa wa akiba. Mshindi angekwenda Singida mjini. Katika sisi wote hakuna aliyewahi kufika Singida. Tulikuwa tumeshapanga jinsi tutakavyosimama ukingoni mwa ziwa tuone ndege wale warefu wa rangi ya waridi.

Nilikuwa na binamu aliyesoma shule ile nyingine. Jumamosi alikuja kwa bibi kuchukua asali, na tukiwa bombani nikamwambia, "Mfungaji wetu si Mtanzania. Ni mkimbizi. Mwalimu wenu akijua, si atakataa asicheze?"

Ningependa kukuambia nilisema bila kufikiri. Nilifikiri. Nilichagua hata mahali pa kusemea.

Siku ya mechi uwanja ulijaa. Wauza karanga, mafundi wa reli, wachungaji waliokuja mnadani, wote walikuwepo. Bibi aliketi kwenye kanga mbele kabisa, na pembeni yake mama yake Goreti, kavaa gauni lake la kanisani. Kabla filimbi haijapigwa, mwalimu wa wageni akanyoosha kidole. "Huyu mrefu ni mkimbizi. Mashindano haya ni ya watoto wa Tanzania. Akicheza, sisi hatuchezi."

Neno lile wenzangu walilokuwa wamelisahau likarudi kwa sauti ya mtu mzima, mbele ya mama yake. Mwalimu wetu akabishana, mwamuzi akakuna kichwa, wakakubaliana mwalimu mkuu akaitwe na mechi ianze bila Goreti. Yeye hakusubiri kuambiwa. Alivua kizibao chenye herufi za mfungaji, akakikunja vizuri, akanipa mkononi. Kisha akaenda kuketi karibu na mama yake, magoti pamoja, kama alivyokuwa akiketi zamani kwenye tenki.

Nilicheza kipindi cha kwanza. Mpira nilikuwa napewa, wasichana walitaja jina langu, nikirusha unagonga chuma na kutoka. Tulikwenda mapumziko wageni wana mabao tisa, sisi manne. Mwalimu mkuu akafika amekumbatia rejista, akamwonyesha mwamuzi mstari. Mwamuzi akasoma, akasema kwa sauti, "Haya ni mashindano ya wanafunzi. Huyu ni mwanafunzi wa shule hii. Acheze." Watu wakashangilia. Goreti hakuinuka. Mwalimu akamwita, hakuinuka.

Nikavua kizibao nikampelekea. Akatikisa kichwa. "Cheza wewe."

"Siwezi."

"Utaweza. Hapa ni kwenu."

Hapo ndipo liliponitoka. "Goreti, ni mimi niliyewaambia."

Alinitazama, wala si kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeivumilia. Bibi alikuwa amesikia. Akageuza uso, akatazama upande wa reli. Mama yake Goreti naye alikuwa amesikia. Akachukua kile kizibao mikononi mwangu, akakikung'uta vumbi, akamvalisha binti yake, akamfunga kamba ubavuni moja baada ya nyingine. "Nenda, mwanangu," akasema kwa kile Kiswahili chake cha taratibu. "Watu wamekaa juani wanakungoja."

Akaenda. Sijawahi kuona mtu akicheza vile. Alifunga, akafunga, akafunga, na kila akifunga alirudi nyuma bila kucheka. Tukafika kumi na tatu kwa kumi na nne, mpira uko mikononi mwa senta wetu anaita "Goreti!" filimbi ya mwisho ikalia. Wageni ndio waliokwenda Singida. Wenzangu walilia wakimlaumu yule mwalimu wa wageni. Nilikaa kimya, na Goreti hakunitaja.

Bibi hakunipiga. Jioni alisema tu, "Stesheni utapumzika." Mwezi mzima Goreti ndiye aliyekwenda naye na chupa nne, na mimi nilibaki nyumbani napepeta uwele, nikisikia kwa mbali sauti yake ikiita, "Asali! Asali ya Itigi!" Aliita vizuri kuliko mimi, aliivuta ile a ya mwisho. Hatukusemeshana. Nilimwamkia mama yake kila asubuhi, naye aliitikia kila asubuhi, na kati yangu na Goreti hakukuwa na neno.

Kisha siku moja alikuja mlangoni ameshika mpira wa soksi. "Twende rede," akasema. "Wewe unaingia katikati."

Niliingia. Alisimama upande mmoja, msichana mwingine upande wa pili. Alirusha kwa nguvu zake zote, ukanipiga mgongoni, nikapinda. Kwa sheria nilikuwa nimetoka. Akasema, "Rudi." Nikarudi. Akanipiga pajani, begani, kwenye mbavu. Yule mwenzetu akaogopa, akaacha mpira akaondoka. Goreti akawa anaurusha, anaufuata mwenyewe, anaurusha tena, na machozi yanamtoka. Sikukwepa. Na mimi nililia, kwa maumivu na kwa yale mengine. Alipochoka aliketi chini palepale vumbini, nikaketi karibu naye. Akasema, "Mkono unaniuma." Nikasema, "Na mimi mgongo." Akaanza kucheka yeye kwanza.

Tulikaa marafiki mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kisha wakati mtama unakomaa, bibi alinipeleka shambani kwa shangazi kuinga ndege, wiki mbili za kupiga debe na kupaza sauti tangu alfajiri. Niliporudi, mlango wa jirani ulikuwa na kufuli. Mama yake Goreti alikuwa amepata habari za ndugu zake, wakapanda treni ya kwenda Kigoma, huenda hata kwao Burundi. Simu hatukuwa nazo. Bibi alisema Goreti alinisubiri mpaka kengele ya treni, akawa anachungulia njia ya shambani.

Bibi ameshafariki. Mwalimu wa michezo alihamishwa, sijui yuko wapi. Watoto wa sasa ukiwatajia rede wanadhani unatania. Hayo yote nimeyazoea, ndivyo miaka inavyokwenda. Lililobaki kunisumbua ni dogo. Mahali fulani kuna mwanamke mrefu wa umri wangu, na kama bado ana kumbukumbu za Itigi basi nimo ndani yake. Sijui kama ananikumbuka kama msichana aliyemsema bombani, au kama yule aliyesimama katikati akakataa kukwepa. Kila ninapojaribu kumjibia, naogopa jibu, nalala na swali.