Ufa Upande wa Ndani

Glenda Cyr alikuwa na miaka hamsini na saba, mfupi, sauti imekwaruzwa na sigara alizoacha zamani. Kwa miaka kumi na tisa alizunguka mji wetu wa Fort Kent na mashamba ya viazi yaliyo jirani akiwaogesha wazee majumbani mwao, akiwapa dawa, akiwakata kucha. Wengi waliokufa bondeni kwetu, mkono wa mwisho kuwagusa wakiwa hai ulikuwa wake.

Jumatatu moja ya Februari, gari lililokuwa mbele yake lilisimama ghafla. Akakanyaga breki, gari lake likateleza kwenye barafu, gurudumu la mbele kulia likagonga ukingo wa zege. Hakuna aliyeumia. Glenda alishuka, akafuta theluji kwa glovu, akaona mkwaruzo na kifuniko cha gurudumu kilichopasuka. Akamtania dereva mwenzake, akaondoka.

Jumatano akaja gereji kwangu. Nimefunga matairi miaka thelathini.

"Norbert, usukani unanitetemesha kama mlevi wa asubuhi."

Nikaliinua gari. Ubavuni mwa tairi palikuwa na nundu ya ukubwa wa yai. Nikafungua gurudumu, nikaligeuza, na upande wa ndani, ambako mtu hawezi kuona akiwa amesimama, ringi ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole.

"Umeendesha hivi siku mbili?"

"Siku mbili na nusu. Kwani linaumwa?"

"Linakata roho. Ringi nyingine itatoka Bangor, itafika Ijumaa. Mpaka hapo, gari halitoki."

"Acha mzaha wewe. Kesho asubuhi Armand ananisubiri."

"Asubiri siku moja."

"Hawezi hata kufungua kopo la supu! Asubiri akila nini, mapazia?"

Armand Daigle alikuwa na miaka themanini na minane, mjane, anaishi peke yake maili ishirini kutoka mjini, kwenye barabara ya msituni. Glenda alipiga simu kwa wakala aliyemwajiri kuomba mtu mwingine. Hakukuwa na mtu.

Gurudumu lake la akiba lilikuwa limeliwa na kutu. Nikatafuta nyuma ya gereji, nikapata gurudumu jembamba la dharura kutoka kwenye gari bovu, mpira wake mkavu, wa miaka mingi. Nikalifunga.

"Hili ni la humu mjini tu, Glenda. Umenisikia?"

"Nimekusikia, baba mkwe," akanitania, akacheka.

Nilijua anakokwenda. Gari langu la kusukuma theluji lilikuwa uani, na kesho yake nilikuwa na viwanja vitatu vya kusafisha theluji. Ningeweza kumwazima; sikulitaja.

Alhamisi baridi ilifika nyuzi ishirini chini ya sifuri. Kwenye maili ya kumi na sita lile gurudumu likapasuka, gari likajichomeka kwenye rundo la theluji. Huko simu haishiki. Glenda alikaa muda mrefu akitegemea kupita gari, halikupita, akashuka akatembea. Dereva wa lori la magogo alimkuta baada ya maili tatu, akamfikisha mlangoni kwa Armand.

Ilikuwa saa tano. Armand alizoea kumwona saa moja na nusu.

Mzee alikuwa sakafuni jikoni, kuni zimetawanyika kando yake. Alikuwa amejaribu kuchochea jiko mwenyewe. Jiko lilikuwa limezimika.

"Umechelewa, binti."

"Nimechelewa, mzee wangu. Nipo sasa."

Nyonga ilikuwa imevunjika, Glenda hakuthubutu kumwinua. Akaomba msaada kwa simu ya mezani ya mzee, akavuta blanketi zote kitandani, akalala sakafuni kando yake akimkumbatia mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Wahudumu ndio waliogundua kwamba Glenda mwenyewe hahisi miguu yake.

Armand alikufa siku ya tisa, kwa homa ya mapafu. Glenda alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto vilivyokufa kwa baridi.

Mazishini alikuja na magongo. Baada ya ibada tukashuka ukumbini, kwenye maharage na mikate ya ploye, myembamba kama chapati. Colette, binti wa marehemu aliyekuja kutoka Portland, akamfuata mpaka kwenye kiti chake.

"Ulijua gari lako ni bovu?"



"Nilijua."

"Na ukamwacha baba yangu akungoje."

 Glenda angeweza kumweleza habari ya wakala, au ya kutembea kwenye baridi, au kuninyooshea mimi kidole, nami nilikuwa nimekaa meza ya pili, sahani mbele yangu. Alitazama magongo yake tu. Colette akaenda kuchukua koti lake.

Glenda hakurudi tena kwenye kazi ile. Sasa anachambua viazi kwenye ghala. Mwezi Machi nilimfuata huko, nikamwambia juu ya gari langu ambalo sikumpa siku ile.

"Nililiona, Norbert," akasema, mikono yake ikiendelea kutupa viazi vilivyooza. "Lilikuwa mbele ya macho yangu. Kwa nini sikukuomba? Hilo ndilo ninalojiuliza mimi. Lako jiulize mwenyewe."

Wazee wengine watatu aliokuwa akiwahudumia walibaki bila mtu. Wawili wakapelekwa kwenye nyumba ya wazee huko Caribou. Wa tatu, Bi Odile, alikataa kuhama. Mwezi Aprili mleta barua wa posta aliona barua zimerundikana sandukuni kwake, akaita polisi, nao walifika wamechelewa.